Mgonjwa Hafungwi Kachoti

Ninayeandika haya ni Osumaka, mwendesha toleka wa Kisangani, na nimekasirika. Nalisema hilo mapema ili msomaji asifikiri kwamba mtu akishapona lazima awe mpole. Nimepona, namshukuru Mungu, na hasira yangu iko palepale.

Toleka ni baiskeli ya kubebea watu. Nyuma tunafunga kiti cha sponji, abiria anakaa, tunamwambia ashike vizuri, tunaondoka. Vita ilipomaliza magari ya mji huu, mengine yakachukuliwa na wanajeshi na mengine yakafia uani kwa kukosa mafuta, ni sisi tuliobaki. Tulibeba wanafunzi, wajawazito, mahakimu, bibi harusi na maiti. Mimi niliweza kubeba gunia la maharagwe la wafanyabiashara wa Butembo kutoka uwanja wa ndege hadi soko kuu bila kushuka hata kwenye mlima. Sikuvuta kitu. Lotoko, pombe yetu ya kienyeji, nilionja siku ya ndoa yangu tu, nikatapika kwenye viatu vya baba mkwe. Bea, mke wangu, bado ananicheka kwa hilo.

Kisha majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia kwetu yakijiita marafiki, yakagombana katikati ya mji wetu. Hakuna aliyetuuliza kama tuna nafasi ya ugomvi wao. Makombora yalipita juu ya mabati ya mtaa wa Tshopo, mengine hayakupita, yakashuka. Nilikuwa nasukuma baiskeli niiingize ndani, maana baiskeli ndiyo chakula cha nyumba. Nikasikia joto kiunoni, nyuma, juu kidogo ya tako la kulia. Maji ya moto yakanishuka mguuni. Nilifikiri nimejikojolea. Nilikuwa nimejikojolea kweli, lakini damu ilikuwa nyingi zaidi.

Milio ilipopungua, wenzangu wa toleka walinilaza kifudifudi kwenye baiskeli, wakanifunga kwa mpira wa kufungia mizigo, mmoja akasukuma na mwingine akanishika kichwa. Hospitalini walinitoa kipande cha chuma karibu na nyonga. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo, nikauma shuka mpaka likatoboka. Kidonda kilitoa usaha, kikanuka, kikafunga. Tatizo likabaki mguuni. Ulikuwa unajikaza wenyewe bila kuniuliza. Paja linakuwa gumu, goti linaruka, kisigino kinapiga mbao za kitanda, na maumivu yanapanda hadi shingoni. Sikulala. Wagonjwa wenzangu nao hawakulala kwa sababu yangu.

Daktari aliyenitibu ni mwanamke, nitamwita Daktari Aimée. Aliushika mguu wangu ukiwa unaruka, akasema: "Bon, Osumaka, nitakupatia hizi vidonge. Zitalegeza musuli, utalala. Lakini ni ya muda kidogo tu, unasikia?"

Vilikuwa vidonge vidogo vya buluu. Nilimeza, nikalala, mguu ukalala nami. Sitasahau raha ya asubuhi ile.

Huo muda kidogo ndio haukuisha. Mapigano yalirudi, njia ya hospitali ikafungwa, na ilipofunguka duka la dawa la hospitali lilikuwa tupu. Sokoni vidonge vilikuwepo. Vilikaa kwenye beseni, pembeni ya sabuni na kwinini, mchana kweupe, na wanajeshi walinunua kama sisi. Nikanunua. Nilipomeza niliweza kupanda baiskeli. Nilipokosa, mikono ilitetemeka, jasho lilinilowesha, moyo ulikimbia nikiwa nimekaa. Nikaamini ugonjwa unarudi, nikaongeza kidonge. Hakuna aliyenieleza kwamba mwili ulikuwa umeshaizoea dawa na sasa unaidai.

Bea aliona kabla yangu. Siku moja akanisimamia mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Osu, ile vidonge unaikula sawa karanga."

"Bila yake siwezi kuendesha. Tutakula nini?"

"Na siku itakosa?"

Nilichukua baiskeli nikaenda kazini.

Siku yenyewe ilifika kwenye kizuizi karibu na daraja la mto Tshopo. Askari aliyenisimamisha alikuwa na macho mekundu na sare yake ilinuka bangi hadi kwa abiria wangu, mama mmoja mwenye samaki, ambaye aliziba pua. Alinipapasa, akakuta vidonge vimefungwa kwenye kipande cha nailoni.

"Ile ni nini?"

"Dawa ya mugulu, chef. Nilipigwa na bombe."

"Dawa iko na ordonnance. Ya kwako iko wapi?"

Karatasi ya daktari sikuwa nayo. Ile ya kwanza iliisha pale hospitali ilipoishiwa dawa.

"Donc ni drogue," akasema. Mwenzake alikwisha kupanda baiskeli yangu, anazunguka nayo barabarani akijaribu breki.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka mhalifu. Asubuhi nilikuwa mgonjwa anayejitafutia riziki, mchana nikawa mtu aliyekutwa na dawa za kulevya. Mtu aliyenikamata alikuwa amelewa kitu kibaya kuliko changu, na aliyeniuzia alikuwa bado ameketi sokoni, na yeye simlaumu. Sheria ilinipata mimi kwa kuwa mfuko wangu ndio uliokuwa karibu.

Kachoti ni chumba cha mahabusu. Chetu kilikuwa na dirisha dogo juu, ndoo ya haja pembeni, na watu wengi kiasi kwamba tulilala kwa zamu, wengine wamesimama. Serikali haimlishi mtu pale, iwe hii ya waasi walioshika mji au ile ya kabla yao. Ukiwa na mke au dada, analeta chakula mlangoni, askari anaonja sehemu yake, inayobaki unakula. Usipokuwa na mtu, unaangalia midomo ya wenzako.

Karibu na ndoo, mahali pabaya kuliko pote, alikaa Papa Salumu. Alikuwa Mwislamu wa Kindu, mzee kidogo, mchukuzi wa mizigo bandarini. Alikuja kwa miguu kupitia msituni, na njiani humo alimzika mkewe. Alivuta bangi ili mgongo ubebe na kichwa kinyamaze, ndivyo alivyoniambia. Walimkuta na msokoto mmoja kwenye mfuko wa shati. Hakuwa na mtu mjini, kwa hiyo lituma ya Bea, ndizi zetu za kupondwa, tuliigawana. Alikuwa anakula taratibu na kusifu kila tonge kana kwamba Bea anamsikia.

Nilipokosa vidonge, mambo yalianza upesi. Kwanza usingizi ulikimbia. Kisha jasho, shati likawa la kukamua. Taya zilijikaza, mwanga wa dirishani ukaniuma machoni, mtu akikohoa nashtuka kama nimepigwa. Tumbo likageuka, nikaitumia ndoo mbele ya wote. Wadudu wasiokuwepo walinitembea chini ya ngozi. Nilimwomba askari anipe nusu tu ya kidonge changu mwenyewe, nilijua kiko kwenye meza yake. Akawaita wenzake waje wanione. "Mulevi analilia pombe yake," alisema, wakacheka.

Yanayofuata sikuyaona. Niliyasikia kwa wenzangu.

Walitutoa uani kunawa. Askari alikuwa anachemsha chai kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikapiga kelele moja, nikakakamaa, nikaanguka, mkono wa kushoto ukalalia ukingo wa jiko. Nikawa natupatupa miguu na kutoa povu. Sasa sikieni jambo la kwetu. Mtu akianguka hivyo, hagusiki. Tumelelewa kuamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, likikugusa na wewe utaanguka. Mtu anaweza kuungua motoni watu wakimwangalia, na si kwa roho mbaya, ni kwa woga waliopewa na mama zao. Mahabusu wote walirudi ukutani. Askari alisogea haraka, akaokoa birika lake.

Papa Salumu ndiye aliyenivuta. Alinishika kwapani, akaniondoa kwenye makaa, akanilaza ubavu, akaweka mguu wake chini ya kichwa changu ili nisipasuke kwenye saruji. Wakampigia kelele aniache.

"Povu iko mate," akawajibu. "Nimepita vita toka Kindu mpaka hapa, halafu mate njo itaniua?"

Nilipozinduka ulimi wangu ulikuwa umekatika pembeni, suruali imelowa, na ngozi ya mkono imekunjamana na kubaki nyeupe kwa ndani. Sikujua niko wapi. Nilimwita Papa Salumu kwa jina la marehemu baba yangu, akaitika.

Nilianguka tena kabla Bea hajafika. Alipofika akaona mkono wangu kupitia nondo za mlango, akaweka sufuria chini na kuanza kulia. Papa Salumu akamkatiza.

"Mama, hapana lia. Na hapana kwenda kwa famille, famille watalia pamoja na weye. Enda kwa batu ya baiskeli. Ambia bao huyu mutu iko anakufa hapa. Kesho itakuwa kuchelewa."

Bea aliondoka mbio bila sufuria.

Chama chetu cha toleka kiliongozwa na Tonton Lofemba, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye magoti yalishamshinda lakini hakuacha baiskeli. Tuna desturi yetu. Mwenzetu akifa, tunazigeuza baiskeli barabarani, kiti chini na matairi juu, tunasimama pembeni. Hakuna anayebebwa mpaka marehemu atoke nyumbani kwake. Mji wote unajua maana yake, na hakuna anayethubutu kupanda baiskeli iliyogeuzwa.

Mchana ule walizigeuza baiskeli mbele ya ofisi ya mwendesha mashtaka, wanayoiita parquet. Bea anasema barabara ilijaa matairi kutoka pale hadi karibu na kanisa kuu, yakizunguka polepole kwa upepo. Mwendesha mashtaka alitoka akitaka kwenda nyumbani kula. Akavua kofia yake.

"Nani amekufa?"

"Hajakufa bado, Magistrat," Tonton Lofemba akamjibu. "Njo maana tumekuya mbele."

"Mutu gani?"

"Mugonjwa. Mumemufunga juu ya dawa yake. Anaanguka, anaungua, na batu yako banacheka."

"Alikamatwa na drogue. Loi ni loi, sheria ni sheria."

"Bon. Basi na miguu ni miguu. Utatembea."

Akatembea, kwenye jua lile, na makarani wake nyuma. Mke wa kamanda mmoja alisimama sokoni na vikapu vyake hadi akachoka kutukana. Daktari aliyeitwa hospitali hakupata usafiri, akauliza kuna nini, akaelezwa. Alikuwa Daktari Aimée. Alikuja kwa miguu moja kwa moja hadi kachoti, akanitazama kupitia mlangoni, kisha akaenda parquet kuwaambia kwamba nikianguka mara nyingine huenda nisiamke, na yeye atasema waziwazi ni nani aliyekataa nitolewe. Jua halijazama nikatolewa. Walisema ni kwa huruma. Huruma gani ile inayosubiri mpaka watu wakose usafiri?

Hospitalini alinichoma sindano, mwili ukalegea, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amechoka, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

"Sikia, Osumaka. Iyi dawa haikatwake mara moja. Mwili ikiizoea, unapunguza kidogo kidogo. Ukiikata mara moja, kichwa inawaka, njo maana ulianguka. Hauna kifafa. Hauna pepo. Na mulevi hauko. Ni miye nilikupatia hii dawa, na ningekuwa na njia ningekufuata."

"Na bale ba kachoti?"

"Bale balikukatia dawa na wembe. Na loi inabaruhusu."

Kupona hakukuwa kuzuri. Bea alitunza vidonge, akavikata kwa wembe, kila wakati kipande kidogo zaidi. Nilimchukia kwa hilo, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilikonda. Nilikuwa nalia bila sababu mbele ya wakwe. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani nilijifunika kichwa kwa mto. Mkono ulioungua ulikauka vibaya, vidole viwili havinyooki hadi sasa. Mguu uliporuka, Bea aliukanda kwa mafuta ya mawese ya moto, na wenzangu wakapeana zamu kunifundisha upya kutembea, kisha kukaa kwenye baiskeli, kisha kuisukuma kidogo. Siku niliyoacha kipande cha mwisho nilihisi tu kichwa chepesi na njaa. Nilikula samaki mzima wa Wagenia, wavuvi wetu wa mtoni, na kichwa chake.

Lakini tangu siku ya kwanza ya akili kurudi, nilimwambia Tonton Lofemba kuna mtu amebaki ndani. Hakunibishia. Alirudi parquet na watu wa kamati, wakamtaja Papa Salumu. Bea aliendelea kumpelekea chakula, akasema mzee anaharisha, anashika ukuta.

Mwendesha mashtaka alikuwa na jibu tayari. "Wa kwenu alikuwa na vidonge ya hospitali, sawa. Huyu ni chanvre, bangi. Chanvre haina daktari. Na tena si mutu wa baiskeli. Munamuingilia juu ya nini?"

"Juu ni mutu," akasema Tonton Lofemba.

"Iko na famille?"

Hakuna aliyeweza kusema anayo. Wakaambiwa faili lake litasomwa. Wakati huo wote, mlangoni pa ofisi hiyo, mlinzi alikuwa ameegemea bunduki akivuta, na harufu ilikuwa ileile ya msokoto wa Papa Salumu. Tonton Lofemba alimwonyesha mwendesha mashtaka kwa kidole. Mwendesha mashtaka akatazama pembeni.

Chama kikakubaliana kugeuza baiskeli tena. Hatukuwahi. Bea alifika na lituma asubuhi akaambiwa airudishe. Kuhara kulimmaliza Papa Salumu, kwenye saruji, karibu na ndoo ileile. Mahabusu wenzake walisema aliomba maji hadi sauti ikakauka.

Tulimbeba sisi. Nilikuwa bado siwezi kuendesha, nikatembea nimeshika nyuma ya baiskeli iliyombeba, hadi makaburini, na Waislamu wa Maniema waliokuwepo mjini wakamsalia vizuri. Njiani kote baiskeli zilikuwa zimegeuzwa, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kupanda hata moja. Nililia kwa hasira. Mtu huyu hakuiba, hakupiga, hakuua. Alikuwa na majani makavu kwenye mfuko wa shati lake, na kwa hayo wakamweka mahali pasipo maji.

Tangu hapo tuna kundi. Wamo watu wa toleka, wamo wanawake wanaopeleka sufuria kachoti, yumo Daktari Aimée akipata nafasi, wamo wazazi ambao watoto wao wanavuta na wanaona aibu kusema. Tunachodai si kirefu. Mtu akikutwa na dawa au bangi ya kutumia mwenyewe, asifungwe. Kama ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Kama si mgonjwa, aende nyumbani. Wafungwe wanaojaza malori na kupita vizuizi vyote kwa salamu za kijeshi. Wanatuita watetezi wa walevi. Padri mmoja alitufungia ukumbi wa parokia, mwingine akatufungulia wake. Viongozi wanasema tungoje vita iishe, sheria zitaangaliwa baadaye. Kachoti haingojei vita iishe. Inajaa sasa hivi.

Kwako unayesoma ukiwa na ugonjwa kama wangu, usiache vidonge ghafla kwa kuwa umesoma habari zangu. Tafuta mtu wa hospitali, punguza taratibu, mpe mtu unayemwamini akutunzie, na umsamehe utakapomchukia. Jasho litapita. Usingizi utarudi, mimi sasa nakoroma. Na mtu akianguka mbele yako, mshike, mwondoe kwenye moto, mlaze ubavu. Povu halimdhuru mtu. Namshukuru Bea, namshukuru daktari, nawashukuru wote waliogeuza baiskeli zao wakakosa abiria kwa ajili yangu. Papa Salumu nilimshukuru mara moja tu, kachoti, na yeye akaniambia nimalizie ndizi.

Mara ya mwisho tulipokwenda kwa wakubwa, tulipokelewa na afisa mmoja mwenye suti na feni iliyokuwa inamwelekea yeye peke yake. Alitusikiliza akigonga meza kwa kalamu, kisha akanigeukia mimi, labda kwa kuwa aliona mkono wangu.

"Alors, munataka nini? Munataka tuache batu bavute tu?"

Nikamwambia: "Papa Salumu ameshaacha kuvuta, Excellence. Muko na furaha?"